Mzinga kwa Mzinga

Bwana Stoo wa wilaya alinipa risasi tatu,
zimeviringishwa kwenye gazeti kama karanga za kituo cha basi.
Nne-tano-nane. Ngumu, shaba tupu hadi puani,
gramu thelathini na mbili kila moja,
zimeundwa kwa paji la tembo.
Nikasema, afande, mimi naenda Ipole, kwa nguruwe.
Akasema, kilichopo ndicho hicho. Tia saini.

Ipole waliitazama bunduki, wakaiita mzinga.
Watoto walichungulia mdomo wake
wakajaribu humo kidole cha mwisho.

Shamba ni la Hamdani Mrisho.
Mahindi yamelala kama mikeka baada ya matanga,
mihogo imefukuliwa, imeonjwa, imeachwa.
Hamdani hamli, hata kumtaja hamtaji;
husema "yule mdudu", kisha hutema mate pembeni.

Usiku mmoja juu ya kichuguu. Mbu.
Usiku wa pili, mvua.
Alfajiri ya tatu walikuja saba,
wakitafuna kwa sauti, kama wageni waliolipa.
Nikashuka, nikapiga goti chini ya mteremko.
Dume alisimama juu, ubavu wazi,
manyoya ya mgongo wima.

Chuoni tulifundishwa: kabla ya mnyama,
tazama kilicho nyuma ya mnyama.
Nikatazama. Nyuma kulikuwa na giza na miti.
Nikaona inatosha.

Bega langu ndilo lililopata habari kwanza.
Yeye aligeuka tu,
kama mtu aliyesikia jina linalofanana na lake,
halafu akaondoka. Hakukimbia. Akaondoka.

Risasi ile ilipita ndani yake bila hodi,
ikatoka bila kwaheri.
Haikupanuka, haikupinda, haikupoteza hata punje.
Ilikuwa inatafuta tembo,
na nguruwe kwake alikuwa ukungu.

Kisha nikasikia mvumo.

Nilimfuata kwa damu: changa, yenye povu,
tone hapa, tone kwenye jani la mhogo,
hatua mia moja na themanini hadi kwenye majaruba,
nimefunika kichwa kwa koti, nyuki wanasoma shingo yangu.
Alikuwa amelala juu ya mpunga wa mtu mwingine.
Tundu la kuingilia na tundu la kutokea
ni ndugu wa tumbo moja; ungepitisha fimbo ya mshikaki.

Mwaka juzi, Urambo, nilipewa zile laini.
Ile ilifunguka ndani kama uyoga wa masika,
na nguruwe akaanguka pale pale, juu ya kivuli chake.
Lakini mabega yote mawili yalikuwa uji mwekundu,
na Petro Kapela, aliyekuja na beseni la nyama,
alirudi nalo nusu, akininung'unikia njia nzima.
Sijui. Moja inaua haraka na kuharibu,
nyingine inaua polepole na kwenda zake
kuharibu kwa jirani.

Jirani ni Nyamizi Kasubi.
Alikuja saa tatu, amebeba gome la mtundu lililopasuka,
asali inamtiririka hadi kiwikoni.
Risasi ilipita masega yote, ikaingia mninga;
mwanawe aliichimbua kwa shoka.
Aliiweka kiganjani mwangu, ingali ya moto kwa jua.
Ncha yake ilikuwa ya mviringo, kama mpya,
na mistari ya mtutu ubavuni, na nta kidogo.
Ningeweza kuisifu. Nilinyamaza.

Nikatoa fomu.
Risasi zilizotumika: moja.
Wanyama waliouawa: mmoja.
Maoni: mstari mmoja, mfupi.
"Andika," alisema Nyamizi,
"mzinga umepiga mzinga."
Nikaandika hivyo hivyo. Wilayani watadhani nimelewa.

Akainyang'anya ile risasi, akaifunga pembe ya khanga.
"Hii ni rehani. Mkilipa, mtaichukua."

Hamdani aliniletea chai, akaiweka mbali na damu.
Wamebaki sita, alisema.
Mfukoni zimebaki mbili.
Nikikaa, zinagongana.